Uso wa fomula: kutoka udongo wa Maxwell hadi kioo cha kompyuta

Kwa zaidi ya miaka 100 wanahisabati wamekuwa wakitafuta njia ya kuzipa fomula sura inayoonekana kwa macho. Leo kompyuta huifanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua. Je, picha inayotokea ni ya kuaminika kiasi gani?

Msikilizaji, redio haina picha, na makala haya yote yanahusu picha. Kwa hiyo nitakuomba unisaidie kwa kuyaona mambo akilini.

Chukua ramani ya milima ya Usambara na uweke kidole mahali popote. Pale kidole kilipo pana namba mbili: umbali wa kwenda mashariki na umbali wa kwenda kaskazini. Kwa kila jozi ya namba hizo pana jibu moja tu, nalo ni mwinuko wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Namba mbili zimeingia, namba moja imetoka. Wanahisabati huziita zile mbili zinazoingia vigeu, na mlima wenyewe ndio mchoro wa kanuni hiyo. Sasa lipindue jambo hilo. Mlima haupo, kilichopo ni fomula ya herufi chache iliyoandikwa karatasini. Nani atakuonyesha mlima huo?

Nakumbuka tulipokuwa sekondari huko Tanga, mwalimu wetu wa hisabati alichana karatasi ya daftari akajaribu kuikunja iwe kama tandiko la farasi: mbele na nyuma inapanda, kushoto na kulia inashuka. Alisema hiyo ndiyo sura ya x mraba kutoa y mraba. Karatasi iligoma, ikafanya makunyanzi, darasa likacheka. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba kosa halikuwa la mikono ya mwalimu. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alikwisha kuthibitisha katika miaka ya 1820 kwamba kitu bapa hakiwezi kugeuzwa uso wa namna hiyo bila kuvutwa, kukunjamana au kuchanika. Anayetaka kuushika mkononi uso wa fomula ni lazima atafute kitu kingine, udongo kwa mfano.

Na udongo ndio uliotumika mjini Cambridge, Uingereza, mwaka 1874.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Josiah Willard Gibbs, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani ambaye wakati huo alifundisha bila kulipwa mshahara, alikuwa amechapisha makala mbili katika jarida la chuo cha wasomi cha Connecticut, jarida lisilokuwa na wasomaji wengi. Gibbs alipendekeza kwamba tabia yote ya kitu kama maji, kikiwa barafu, kikiwa kimiminika au kikiwa mvuke, ielezwe kwa uso mmoja. Namba mbili zinazoingia ni ujazo wa kitu hicho na kile ambacho wanafizikia hukiita entropia. Inayotoka ni nishati. Mteremko wa uso huo ukielekea upande mmoja unakupa jotoridi, na ukielekea upande wa pili unakupa kani ya mgandamizo. Lilikuwa wazo zuri sana, lakini Gibbs alilieleza kwa maneno zaidi kuliko kwa michoro, na wengi hawakumwelewa.

Aliyemwelewa ni James Clerk Maxwell, mkuu wa kwanza wa maabara ya Cavendish. Maxwell alikaa chini na udongo wa mfinyanzi, akaufinyanga uso wa Gibbs kwa mikono yake, kisha akautengenezea nakala za plasta. Nakala moja aliipeleka Yale kama zawadi. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walipomwuliza Gibbs kitu kile cheupe kimetoka wapi, alijibu tu kwamba kimetoka kwa rafiki yake wa Uingereza.

Jambo linalonivutia zaidi katika kisa hicho ni jinsi Maxwell alivyochora mistari juu ya plasta ile. Alitaka kuunganisha hali zote zenye jotoridi moja. Badala ya kukokotoa nukta moja baada ya nyingine, aliiweka modeli juani na kuielekeza hadi miale ya jua ikawa inaugusa uso kwa kuupapasa tu. Pale mwanga ulipokoma na kivuli kuanza, mteremko wa uso ulilingana na mteremko wa miale. Na kwa kuwa mteremko ndio jotoridi, mpaka ule wa mwanga na kivuli ulikuwa ndio mstari alioutafuta. Akaufuatisha kwa penseli. Jua lilimfanyia hesabu.

Hata hivyo, Maxwell hakufinyanga maji halisi. Katika kiwango cha kuchemka, mvuke huchukua nafasi inayozidi mara 1,600 ile ya maji yaliyouzaa. Kama angefuata vipimo vya kweli, sehemu yote ya kimiminika ingekuwa nyembamba kama unywele kando ya mbuga kubwa ya mvuke, na hakuna ambaye angeiona. Kwa hiyo alibuni kitu cha kufikirika chenye tabia zinazofanana na za maji, akakuza kilichokuwa kidogo na kupunguza kilichokuwa kikubwa. Modeli ilionyesha ukweli kwa kupotosha vipimo. Maxwell mwenyewe alilijua hilo. Swali ni kama kila aliyeitazama baada yake alilijua.

Ujerumani iliigeuza kazi hiyo kuwa biashara. Kuanzia mwaka 1875, Felix Klein na Alexander Brill walikuwa wakifundisha katika chuo cha ufundi cha Munich, ambako wanafunzi walipewa kazi ya kukokotoa nyuso na kuzitengeneza kwa plasta, nyuzi na karatasi ngumu. Ndugu yake Brill, Ludwig, aliziuza modeli hizo kutoka mji wa Darmstadt, na mwaka 1899 biashara ikapita mikononi mwa Martin Schilling. Klein alivuka nazo bahari mwaka 1893 hadi kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago. Vyuo vingi vilijaza makabati. Baadaye hisabati ikaelekea kwenye mambo ya kidhahania, ambako jicho halikuhesabiwa kuwa shahidi, na makabati yakafungwa. Katika miaka ya 1930, Man Ray, msanii Mmarekani aliyeishi Paris, alizikuta modeli za namna hiyo zikiwa na vumbi katika taasisi ya Henri Poincaré, akazipiga picha kama sanamu za ajabu.

Waliobaki na kalamu hawakuwa wamelala. Mwaka 1909 Eugen Jahnke na Fritz Emde walichapisha kitabu cha majedwali na michoro kilichokuja kukaa kwenye meza za wahandisi kwa miongo mingi. Humo mlikuwa na mchoro wa kanuni iitwayo gama, ambayo inaendeleza ile hesabu ya 1 mara 2 mara 3 mara 4 hadi kwenye namba za kila aina. Uwanda umelala upande mmoja, na upande wa pili minara inapanda bila kikomo kwenye 0, kwenye hasi 1, hasi 2 na kuendelea. Kila nukta ilikokotolewa kwa mkono. Kizazi kizima cha wanasayansi kiliifahamu gama kwa minara ile.

Kompyuta ilipokuja, msikilizaji, mtu angetarajia kwamba kazi ingekuwa rahisi mara moja. Kukokotoa nukta 1,000 halikuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa lile ambalo mchoraji wa kibinadamu halifikirii kabisa: kipi kionekane na kipi kifichike. Ukisimama Moshi huuoni upande wa pili wa Kilimanjaro. Lakini mashine inayochora kwa kalamu haijui hivyo. Itachora mistari ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na utapata msukosuko kama nyuzi zilizochezewa na paka. Mwaka 1963 Lawrence Roberts wa chuo cha MIT aliandika tasnifu iliyolishughulikia tatizo hilo kwa vitu vyenye pande bapa kama matofali. Nyuso za fomula zilihitaji njia yake.

Njia hiyo ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hugh Williamson aliichapisha programu yake mwaka 1972, na mwaka 1973 Thomas Wright, wa kituo cha taifa cha utafiti wa angahewa huko Boulder, Colorado, akachapisha ya kwake, iliyolenga hasa kanuni za vigeu viwili. Wazo la msingi ni jepesi kiasi kwamba unaweza kulieleza redioni. Anza kuchora kutoka mstari ulio karibu nawe zaidi. Kumbuka umefika juu kiasi gani na chini kiasi gani kila mahali pa karatasi. Ukija kwenye mstari wa nyuma yake, chora tu vile vipande vinavyochomoza juu ya mpaka huo au kushuka chini yake. Vilivyobaki katikati vimefichwa na kilichotangulia. Kisha sogeza mpaka, endelea na mstari unaofuata. Ni upeo wa macho unaopanda kidogo kidogo. Picha nyingi za milima ya mistari zilizopamba vitabu vya sayansi vya wakati ule zilitokana na njia za aina hiyo.

Ila mashine hizo zilijua namba peke yake. Mtafiti aliandika programu ndefu, akaipa fomula yake kwa lugha ya kompyuta, akasubiri. Kwa upande mwingine kulikuwa na jamii nyingine ya programu zilizojua herufi: zilizoweza kupanua mabano, kutafuta mteremko na kurahisisha mafungu kama anavyofanya mwanafunzi daftarini. MACSYMA, iliyoanza kuundwa MIT mwaka 1968, ndiyo iliyokuwa kubwa kati yake. Mnamo Desemba 1980, katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Canada, Keith Geddes na Gaston Gonnet walipata toleo la kwanza la Maple, wakiwa na lengo la programu ya aljebra ambayo haihitaji mashine ya mamilioni ya dola ili mwanafunzi aitumie. Mwezi Juni 1988 Stephen Wolfram akatoa Mathematica.

Hapo ndipo jamii hizo mbili zilipooana. Mtu aliandika fomula, akataja mipaka ya vigeu viwili, na baada ya muda mfupi mlima ukatokea kwenye kioo, umepakwa rangi, mistari ya nyuma imefichwa. Amri iliitwa Plot3D. Mstari mmoja wa maandishi ulichukua nafasi ya udongo, plasta, jua na penseli.

Bei, hata hivyo, haikuwa ya kila mtu, na hapa nataka kumtaja mtu mmoja ambaye hatajwi sana. MACSYMA ilipoingia kwenye biashara mwanzoni mwa miaka ya 1980, nakala moja ya chanzo chake ilibaki katika idara ya nishati ya Marekani. William Schelter, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliitunza nakala hiyo kuanzia mwaka 1982, akiirekebisha mwaka hadi mwaka. Mwaka 1998 alipata kibali cha kuitoa kwa umma, bila malipo, pamoja na haki ya kuibadilisha. Alifariki mwaka 2001. Programu hiyo, Maxima, bado inatunzwa na watu wa kujitolea, na mwanafunzi wa Bujumbura au Muscat mwenye kompyuta iliyochakaa anaweza kuipata bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mimi naona hilo si jambo dogo kuliko uvumbuzi wenyewe.

Lakini je, picha hizi zimewahi kutuambia jambo ambalo hatukulijua? Jibu ni ndiyo, na kisa chake kinaanzia Brazil. Utando wa sabuni kwenye waya hujipanga wenyewe ili eneo lake liwe dogo kadiri inavyowezekana, na nyuso zenye tabia hiyo zimechunguzwa tangu karne ya 18. Zile zinazoendelea bila ukingo, zisizojikata zenyewe na zenye umbo lisilo na mikunjo isiyo na mwisho, zilikuwa tatu tu: uso bapa, uso wa Leonhard Euler wa mwaka 1744 unaofanana na kiuno cha ngoma, na ule wa Jean Baptiste Meusnier wa mwaka 1776 unaozunguka kama ngazi ya mnara. Kwa zaidi ya miaka 200 hakupatikana wa nne. Mwaka 1982 Celso Costa, kijana aliyekuwa akisomea udaktari mjini Rio de Janeiro, aliandika fomula za uso mpya. Kila moja ya vipimo vyake vitatu vya mahali ilikuwa kanuni ya vigeu viwili. Fomula zilikuwa ngumu kiasi kwamba hakuna aliyejua kama uso ule unajikata au la.

Katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, David Hoffman na William Meeks walimwendea James Hoffman, kijana aliyekuwa akitengeneza programu ya michoro. Kompyuta ilikokotoa, picha ikatokea. Wakaigeuza huku na huku. Waliona kwamba uso ule una mistari iliyonyooka ndani yake, na kwamba unagawanyika katika vipande 8 vinavyolingana sawasawa. Hayo hayakuwa yameonekana kwenye fomula. Wakaiweka picha kando, wakarudi kwenye kalamu na karatasi, na kwa kuutumia ulinganifu waliouona wakathibitisha kwamba uso wa Costa haujikati popote.

Nimesema waliiweka picha kando. Kwa nini wasiitegemee moja kwa moja? Kwa sababu kompyuta haioni mlima. Inatupa wavu. Inagawa uwanja katika miraba, inapima kwenye pembe za miraba hiyo tu, kisha inaunganisha nukta kana kwamba baina yake hapana kitu. Mwongozo wa Maxima unasema wavu wake wa kawaida ni wa 30 kwa 30. Mvuvi yeyote wa pwani anajua kwamba jarife halinasi dagaa, na macho ya wavu huu ni hivyo hivyo.

Chukua upande wa x kutoka 0 hadi 1, ugawe sehemu 30 zilizo sawa, na upande wa y vivyo hivyo. Sasa chora y ukijumlisha na mawimbi yanayopanda na kushuka mara 30 kamili katika masafa hayo ya x. Kila pembe ya wavu itaangukia pale wimbi linapopita sifuri. Kompyuta itakuchorea paa laini lililoinama, bila hata kunyanzi moja, na mawimbi yote 30 yatakuwa yamepita tunduni. Hakuna hitilafu yoyote iliyotokea. Kila namba iliyopimwa ni sahihi. Programu za siku hizi zimejitahidi. Kwa mfano Mathematica, tangu toleo la 6 la mwaka 2007, hukaza wavu zaidi pale inapohisi uso unakunjika. Lakini nayo ni lazima kwanza iguse kitu ndipo ihisi.

Aliyeonyesha hatari hii kwa ukali zaidi hakuwa na kompyuta. Vitabu vya hisabati vya karne ya 19 vilikuwa na njia ya kutambua kilele cha uso, na wengi waliisadiki: pita kwenye nukta kwa kila mstari ulionyooka, ikiwa kwenye kila mstari nukta hiyo ndiyo ya juu, basi ni kilele. Mwaka 1884 Giuseppe Peano, Mwitaliano ambaye hajafikisha hata miaka 27, aliipinga katika kitabu kilichochapishwa Torino kwa jina la mwalimu wake, Angelo Genocchi. Alileta fomula fupi ambamo kila njia iliyonyooka kupitia katikati inaonyesha kilele, ilhali njia moja iliyopinda inapanda juu zaidi. Modeli ya plasta ya uso wa Peano ipo katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Göttingen.

Kwa umbo linalotumika sana leo, fomula hiyo ni 2x mraba kutoa y, mara y kutoa x mraba. Mwenye kompyuta karibu anaweza kuijaribu, vigeu vyote viwili vikianzia hasi 1 hadi 1. Kwa wavu wa 30 kwa 30 pale katikati hapataonekana dosari yoyote: uso unashuka hadi hasi 6 kwenye pembe mbili, na palipo sifuri panaonekana kama mgongo mpana uliotulia. Ukingo unaopanda upo, umejipenyeza baina ya mikunjo miwili. Lakini x ikiwa 0.1, ukingo huo wote umebanwa baina ya y ya 0.01 na 0.02, wakati hatua ya wavu inakaribia 0.07, na urefu wake pale juu ni 0.000025. Zidisha macho ya wavu hadi 100, hadi 300, bado mlima mzima utakuwa na urefu wa 6 na jicho halitakiona kinyanyuko hicho. Utakiona utakapopunguza uwanja wenyewe, ukiisogeza mipaka hadi karibu kabisa na sifuri, na ukajua kwamba njia ya kufuata ni ile ambayo y ni mara moja na nusu ya x mraba.